Kura ya siri, hesabu ya wazi: safari ya mpiga kura wa kawaida nchini Kenya

Mpiga kura wa kijijini nchini Kenya hukutana na kura yake mara mbili kwa siku moja. Asubuhi anasimama kwenye foleni, anapewa karatasi, anaingia kibandani peke yake na kuweka alama bila mtu kumwona. Usiku, katika darasa lile lile, karatasi hiyo inatolewa sandukuni, inainuliwa juu na kusomwa kwa sauti mbele ya mawakala wa wagombea. Hakuna anayejua ni ya nani, lakini kila aliye chumbani anaiona ikihesabiwa.

Haya ndiyo mambo mawili yanayoulinda uchaguzi: kura iwe ya siri, hesabu iwe ya wazi. Leo tunayaona kama ya kawaida. Hayakuwa hivyo siku zote. Mwaka 1988 Wakenya wengi walishuhudia kinyume chake: kura ikawa wazi kwa kila mtu, na hesabu ndiyo ikawa siri.

Makala haya yanaeleza njia ambayo mwananchi wa kawaida amepita tangu wakati huo, mambo anayokutana nayo kituoni siku ya kura, na jinsi ya kusoma karatasi inayobandikwa mlangoni baada ya kuhesabu. Uchaguzi mkuu ujao kwa mujibu wa Katiba ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027.

Kwa ufupi

- Mkenya hupiga kura 6 kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi.
- Kura huhesabiwa katika kituo kile kile zilikopigwa. Matokeo hubandikwa hapo hapo.
- Fomu ya matokeo ya rais katika kituo inaitwa Fomu 34A. Mwananchi yeyote anaweza kuisoma.
- Unapiga kura pale ulipojiandikisha tu, kwa kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia.

Kabla ya uhuru: mmoja kura tatu, mwingine hana hata moja

Waafrika nchini Kenya walichagua wawakilishi wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi Machi 1957. Viti vilikuwa 8 tu kwa nchi nzima, na si kila mtu aliyeruhusiwa kuchagua. Serikali ya kikoloni ilitazama elimu ya mtu, mapato yake, mali yake na utumishi wake. Aliyetimiza masharti mengi aliweza kupata hadi kura 3. Mkulima asiyesoma na asiye na mali iliyotambuliwa hakupata hata moja. Katika maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, mpiga kura alitakiwa pia kuthibitisha kwamba alikuwa mtiifu kwa serikali wakati wa Mau Mau.

Kila mtu mzima, kura moja: hilo lilikuja katika uchaguzi wa Mei 1963, uliotangulia uhuru wa Desemba mwaka huo. Kuanzia hapo, kura ya mchunga mbuzi ikawa na uzito sawa na ya mwenye shamba la majani chai.

1988: mwaka wa mlolongo

Kufikia miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kisheria, KANU. Mshindi wa mchujo wa chama ndiye aliyekuwa na njia ya kuingia bungeni. Mwezi Februari 1988 mchujo huo ulifanywa kwa mlolongo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wanachama waliitwa uwanjani. Kila mgombea, au mtu aliyeshika picha yake, alisimama mahali pake, na wanaomtaka wakapanga mstari nyuma yake. Maafisa wakapita wakihesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa moja kwa moja, bila kwenda kwenye kura ya siri ya mwezi Machi.

Fikiria ilivyokuwa kwa mtu wa kawaida. Chifu yupo na anatazama. Anayekuajiri yupo. Aliyekukodisha shamba yupo. Shemeji yako ni jamaa wa mgombea mmoja na wewe unamtaka mwingine. Mume na mke wanaotofautiana wanalazimika kuonyesha tofauti yao mbele ya kijiji kizima. Wengi waliona ni heri wabaki nyumbani kuliko kujitia matatani.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Katika maeneo kadhaa watu walilalamika kwamba aliyetangazwa mshindi ndiye aliyekuwa na mstari mfupi. Lakini malalamiko hayo yangethibitishwa vipi? Mlolongo ukishatawanyika, watu wamerudi makwao na hakuna kilichobaki uwanjani cha kuhesabu tena. Hakuna karatasi wala sanduku. Kuna neno la afisa tu. Wazee husema mali bila daftari huisha bila habari, na kura za mwaka huo ziliisha vivyo hivyo.

Viongozi wa makanisa na mawakili waliupinga mlolongo hadharani. Mwaka 1990 kamati ya KANU iliyoongozwa na George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza wananchi, na mlolongo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa sana. Ukaachwa. Desemba 1991 Katiba ikabadilishwa na vyama vingi vikarudi. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura ya siri katika uchaguzi wa vyama vingi.

1992 hadi 2002: sanduku linalosafiri usiku

Siri ya kura ilikuwa imerudi, lakini hesabu bado ilikuwa mbali na mpiga kura. Katika chaguzi za 1992 na 1997, masanduku yalifungwa kituoni yakasafirishwa hadi kituo cha kuhesabia cha eneo bunge. Kwa kijiji kilicho mbali na barabara, hiyo ilikuwa safari ya saa nyingi. Mwaka 1997 mvua za El Niño ziliharibu barabara na madaraja, vifaa vikachelewa, na upigaji kura ukaongezwa siku ya pili. Kila saa ambayo sanduku liko njiani ni saa ya wasiwasi. Watu hujiuliza: sanduku lililofika ndilo lililoondoka?

Mabadiliko yalikuja katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002. Kura zilihesabiwa kwenye vituo zilikopigwa. Sanduku halikuhitaji tena kusafiri kabla ya kufunguliwa. Mtu aliyepiga kura asubuhi shuleni aliweza kujua kabla hakujakucha jinsi majirani zake walivyoamua.

2007: hesabu ilipopotea njiani

Tarehe 27 Desemba 2007 wananchi walipanga foleni kwa amani karibu kote nchini. Shida ilianza matokeo yalipokuwa yakijumlishwa. Matokeo ya rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na fujo zikalipuka. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha na malaki wakakimbia makwao. Baadhi ya familia hazijarudi mashambani mwao hadi leo.

Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi huo na kutoa ripoti mwaka 2008. Ilisema kasoro zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda urais. Iligundua pia kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina yapatayo milioni 1.2 ya watu waliokwisha kufa. Tume ya uchaguzi ya wakati huo ikavunjwa.

Funzo kwa mwananchi lilikuwa chungu lakini wazi. Haitoshi kura kuhesabiwa vizuri kijijini. Lazima hesabu ile ya kijijini ifike juu bila kubadilishwa, na mwananchi awe na njia ya kuhakikisha hivyo.

2013: karatasi sita kwa mara ya kwanza

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliweka kaunti 47, na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ukawa wa kwanza wa karatasi 6. Wapiga kura waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 14.3.

Wengi wanaukumbuka mwaka huo kwa foleni ndefu. Vifaa vya kutambua alama za vidole vilikuwa vipya. Vingine vilizimika betri, vingine vikakataa kufanya kazi, na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Ndani ya kibanda, mtu aliyezoea karatasi tatu sasa alikuwa na sita mkononi. Hata hivyo, wananchi wapatao asilimia 86 ya waliosajiliwa walijitokeza.

Karatasi hizo sita zina kazi tofauti, na ni vyema kuzijua:

- Rais: anaongoza serikali ya taifa.
- Gavana: anaongoza serikali ya kaunti. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti na huduma za kilimo ziko chini yake.
- Seneta: anatetea kaunti katika Bunge la Seneti, hasa katika mgao wa pesa.
- Mbunge: anawakilisha eneo bunge katika Bunge la Taifa. Maeneo bunge ni 290.
- Mwakilishi wa wanawake: mwanamke mmoja kwa kila kaunti, naye huketi katika Bunge la Taifa.
- Mwakilishi wadi: anakaa katika Bunge la Kaunti, anapitisha bajeti ya kaunti na kumhoji gavana. Wadi ni 1,450.

Watu wengi huipa karatasi ya rais uzito wote na ile ya mwakilishi wadi wakaiweka alama kwa haraka. Lakini huyo ndiye utakayekwenda kumwona daraja la kijiji likibebwa na mafuriko au zahanati ikikosa dawa. Na kura yako kwake ina nguvu zaidi. Ukigawanya wapiga kura wote wa mwaka 2022 kwa wadi zote, kila wadi inapata watu 15,000 na ushei. Si wote hujitokeza, na wagombea huwa wengi. Kiti cha wadi kinaweza kuamuliwa na vijiji viwili vitatu.

2017: mahakama na fomu

Miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kule chini ni ya mwisho, na makao makuu ya tume hayana mamlaka ya kuyabadilisha. Kesi hiyo hujulikana kwa jina la mwanaharakati aliyeifikisha kortini, Maina Kiai.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta matokeo ya urais kwa kura 4 dhidi ya 2. Suala kubwa lilikuwa jinsi matokeo yalivyopitishwa kutoka vituoni hadi Nairobi, na hali ya fomu zenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani.

Kwa mwananchi, uamuzi huo ulimaanisha kurudi tena kwenye foleni tarehe 26 Oktoba. Wengi hawakurudi. Upinzani ulisusia, na waliopiga kura walikuwa chini ya asilimia 40, wakati mwezi Agosti walikuwa karibu 80.

2022: kila mwenye simu akawa mhesabu

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa na vituo 46,229. Safari hii Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ambapo mtu yeyote aliweza kuzifungua. Watu walitafuta fomu za vituo vyao na kulinganisha na walichokiona mlangoni. Vyombo vya habari na vijana wenye kompyuta wakajumlisha wenyewe.

Mambo hayakwenda sawa kila mahali. Katika sehemu za Kakamega na Makueni vifaa vya kutambua wapiga kura vilikataa, na tume ikaruhusu daftari lililochapishwa. Uchaguzi wa gavana wa Kakamega na wa Mombasa, pamoja na wa wabunge wa Rongai, Pokot South, Kacheliba na Kitui Rural, uliahirishwa kwa sababu ya makosa kwenye karatasi za kura. Wakazi wa maeneo hayo walirudi kupiga kura tarehe 29 Agosti. Makamishna 4 kati ya 7 wa tume walijitenga na matokeo ya rais.

William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Kesi ilikwenda Mahakama ya Juu, ambayo ilikagua fomu na kusema haikupata ushahidi wa kuaminika kwamba zilibadilishwa. Tarehe 5 Septemba ilithibitisha matokeo.

Hebu tuzitazame nambari hizo kwa jicho la kijiji. Tofauti kati ya wawili hao ilikuwa kura 233,211. Ukizigawa kwa vituo 46,229, unapata kura 5 kwa kila kituo. Hao ni watu wa boma moja.

Siku ya kura, hatua kwa hatua

*Kufika.* Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni wakati wa kufunga ana haki ya kupiga kura, hata giza likiingia. Usiondoke. Wagonjwa, wazee, wajawazito, watu wenye ulemavu na akina mama wenye watoto wachanga hupewa nafasi mbele.

*Kutambuliwa.* Karani anachukua kitambulisho chako na kukuomba uweke kidole kwenye kifaa kinachoitwa KIEMS. Watu ambao mikono yao imesuguliwa na jembe, mawe au nyavu mara nyingine hukataliwa na kifaa. Hilo halikuondolei haki yako. Futa kidole, jaribu kingine. Ikishindikana, karani anaweza kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho mawakala wakishuhudia.

*Kupewa karatasi.* Hakikisha kila karatasi imepigwa muhuri wa tume. Isiyo na muhuri haihesabiwi.

*Ndani ya kibanda.* Weka alama moja kwa mgombea mmoja katika kila karatasi. Usiandike jina lako wala nambari ya kitambulisho. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza, mrudishie msimamizi uombe nyingine. Usipige picha karatasi yako. Anayekutaka umletee picha ya kura yako anajaribu kukurudisha kwenye mlolongo wa 1988.

*Kutumbukiza.* Kila karatasi ina rangi yake na sanduku lake. Usikimbie. Tazama rangi kwanza.

*Wino.* Unapakwa wino kidoleni, na unarudi nyumbani.

Kuhesabu: mambo yanayofanyika usiku

Kituo kikifungwa, msimamizi huanza na sanduku la rais. Anaifungua karatasi, anataja jina la mgombea kwa sauti, na kuwaonyesha mawakala. Karatasi zinapangwa mafungu mafungu na kuhesabiwa. Wakala asiyeridhika anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili.

Baada ya hapo Fomu 34A inajazwa na mawakala wanatia sahihi. Wakala akikataa kutia sahihi, hilo peke yake halifuti matokeo, ila anapaswa kueleza sababu. Picha ya fomu inatumwa kwa kifaa cha KIEMS. Nakala inabandikwa mlangoni au ukutani ambapo umma unaweza kuisoma. Fomu yenyewe inapelekwa kituo cha kujumlishia cha eneo bunge, ambako Fomu 34B hujazwa. Za nchi nzima hujumlishwa Nairobi katika Fomu 34C.

Jinsi ya kusoma karatasi ya mlangoni

Hauhitaji kusoma sana. Unahitaji kujumlisha tu. Chukua mfano huu wa kubuni:

- Waliosajiliwa kituoni: 480
- Mgombea wa kwanza: 190
- Mgombea wa pili: 112
- Mgombea wa tatu: 6
- Kura halali: 308
- Kura zilizokataliwa: 4

Jiulize maswali matatu. Je, kura za wagombea wote zikijumlishwa zinafika kura halali? Hapa 190, 112 na 6 ni 308. Sawa. Je, kura halali na zilizokataliwa kwa pamoja zinazidi idadi ya waliosajiliwa? Hapa ni 312 kati ya 480. Sawa. Je, jina la kituo na nambari yake ni vya kituo chako? Shule moja inaweza kuwa na vituo kadhaa, kwa sababu kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700.

Piga picha ya fomu hiyo, si ya kura yako. Hiyo ndiyo tofauti. Kura ni siri yako, fomu ni mali ya umma. Ukiwa na picha, unaweza kulinganisha na fomu itakayowekwa na tume. Zikitofautiana, mjulishe wakala wa mgombea au afisa wa tume, na uhifadhi picha yako.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

*Mama yangu haoni vizuri. Anaweza kusaidiwa?*
Ndiyo. Anaweza kuja na mtu anayemwamini mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Msaidizi huyo hula kiapo cha kutunza siri, na haruhusiwi kusaidia mtu mwingine. Asiyekuja na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Mzee akiwa na mtu wake mwenyewe, siri yake hukaa salama zaidi.

*Nilijiandikisha nyumbani lakini nafanya kazi mjini. Naweza kupigia kura huku?*
Hapana. Unapiga kura pale jina lako lilipo. Unaweza kuomba kuhamisha jina lako katika ofisi ya tume ya eneo bunge, lakini fanya hivyo mapema, kabla daftari halijafungwa. Ukingoja wiki ya uchaguzi, itabidi upande gari urudi nyumbani, na nauli wakati huo hupanda.

*Nilipokea pesa za mgombea. Lazima nimpigie?*
Sheria inasema anayetoa na anayepokea hongo ya kura wote wana hatia. Lakini ukweli wa kibandani unabaki palepale: hakuna awezaye kujua ulichagua nani. Anayekwambia ana njia ya kujua anakudanganya.

*Kuna mtu anataka kununua kitambulisho changu.*
Usimpe. Hataki kukipigia kura, kwa kuwa hawezi. Anataka wewe usipige.

*Kura iliyokataliwa ni ipi?*
Ni ile isiyo na muhuri, iliyowekwa alama kwa zaidi ya mgombea mmoja, isiyo na alama kabisa au isiyoeleweka, au iliyoandikwa kitu kinachomtambulisha mpiga kura.

*Matokeo ya rais yanapingwaje?*
Kesi hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya mshindi kutangazwa. Mahakama ina siku 14 kuamua.

Kwa nini wengine wameacha kwenda

Mwaka 2013 waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 86. Agosti 2017 walikuwa karibu 80. Mwaka 2022 walishuka hadi takriban 65. Wapiga kura zaidi ya milioni 7 waliosajiliwa hawakwenda. Wengine, hasa vijana, hawakujiandikisha kabisa.

Sababu wanazozitoa watu vijijini zinafahamika. Umbali wa kituo, hasa katika kaunti za wafugaji ambako mifugo haingojei uchaguzi. Kazi ya kibarua ambayo siku moja ikipotea ni chakula cha siku moja kimepotea. Hofu iliyobaki tangu 2007. Na ile kauli inayosikika kila mahali: wote ni wale wale, na mambo yamekwisha kupangwa huko juu.

Kauli hiyo ya mwisho haiwezi kujibiwa kwa maneno matupu, kwa sababu historia inaonyesha kwamba kuna wakati ilikuwa kweli. Mwaka 1988 mtu aliyesimama katika mstari mrefu alirudi nyumbani na kuambiwa ameshindwa, na hakuwa na chochote mkononi. Leo ana karatasi mlangoni. Haizuii kila udanganyifu, wala haimfanyi kiongozi awe mwema baada ya kuapishwa. Lakini ni kitu anachoweza kukisoma, kukijumlisha, kukipiga picha na kukipeleka mbele ya jaji.

Karatasi hiyo ina faida pale tu panapokuwa na mtu wa kuisoma. Mwaka 2027, ukimaliza kupiga kura, rudi nyumbani kwa amani. Kesho yake asubuhi, ukienda dukani au kuchota maji, pitia shuleni uitazame.

Maneno ya kukumbuka

- Daftari la wapiga kura: orodha ya waliosajiliwa. Jina lisipokuwemo, hupigi kura.
- Msimamizi wa kituo: afisa wa tume anayeongoza kituo kimoja.
- Wakala: mtu wa chama au mgombea anayeshuhudia. Wengi humwita ajenti.
- Kura halali: kura zilizohesabiwa kwa wagombea.
- Fomu 34A, 34B, 34C: matokeo ya rais ya kituo, ya eneo bunge na ya taifa, kwa mfuatano huo.
- Mlolongo: kupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kulikotumika katika mchujo wa 1988.